Vita vya Kagera na ushindani wa kambi mbili

Vita vya Kagera (1978–1979) kati ya Tanzania na Uganda havikufuata mstari wa ukomunisti na demokrasia uliozigawa Korea na Ujerumani. Ndege za MiG za Idi Amin, rais wa Uganda, zilizoshambulia mji wa Bukoba nchini Tanzania zilitoka Umoja wa Kisovieti, na makombora ya BM-21 ya Tanzania yalitoka huko huko. Huenda ikadaiwa kuwa wanajeshi wa Libya waliomsaidia Amin walivipa vita sura ya ushindani wa kambi mbili za Vita Baridi. Lakini Tanzania nayo ilikuwa nchi ya kijamaa, na Amin alidai mpaka uhamie Mto Kagera badala ya mstari wa wakoloni. Kambi zilileta silaha. Ugomvi ulikuwa wa ardhi na utawala. Mapigano yenyewe yalionyesha hivyo: Daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera lilivunjwa na majeshi ya Amin Novemba 1978. Kampala, mji mkuu wa Uganda, ilitekwa Aprili 1979.