Jinsi programu ya watu ilivyoponyoka mikononi mwa kampuni

Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kibali cha mtu, kwa kuwa leseni ya OpenOffice ilimruhusu yeyote kuuchukua msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Miaka sita baadaye OpenOffice yenyewe ilijikuta katikati ya mvutano uliokaribia kuizika.

Chimbuko lake ni Lüneburg, Ujerumani. Huko, mwaka 1985, kijana Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division. Programu yake ya ofisini, StarOffice, iliuzwa madukani hadi mwaka 1999, Sun Microsystems ya Marekani ilipoinunua kampuni nzima. Sun ilikuwa ikipambana na Microsoft, iliyotawala soko la programu za ofisini. Oktoba 2000 ikauweka msimbo wa StarOffice hadharani, na Mei 2002 likatoka toleo la kwanza kamili la OpenOffice.org.

Sun inastahili haki yake. Wahandisi wake wa Hamburg, waliolipwa mshahara, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi. Kutafsiri menyu mtu wa kujitolea anaweza akafanya jioni akitoka kazini. Kuchambua mamilioni ya mistari ya msimbo wa zamani, wenye maelezo mengi ya Kijerumani ndani yake, kunataka mtu anayeamkia kazi hiyo kila siku.

Lakini aliyelipa ndiye aliyeshika funguo. Mchangiaji aliyetaka kazi yake iingizwe alitakiwa kwanza kutia saini hati ya kuipa Sun umiliki wa pamoja wa hakimiliki. Marekebisho mengi yalikaa yakisubiri, hata wahandisi wa kampuni ya Novell, akiwemo Michael Meeks, wakayakusanya kando na kutoa toleo lao, Go-oo. Wasambazaji kadhaa wa mfumo wa Linux wakachukua hilo badala ya lile rasmi. Ufa ulikwisha kuonekana, na hakuna aliyeuziba.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun. Septemba 28 mwaka huo, wachangiaji wakongwe walitangaza The Document Foundation na jina jipya la programu, LibreOffice. Waliialika Oracle ijiunge nao na iwaachie jina la zamani, lakini haikukubali. Oktoba, katika kikao cha baraza la jumuiya ya OpenOffice, wajumbe waliojiunga na chombo kipya waliambiwa wajiuzulu kwa madai ya mgongano wa maslahi. Watu walioijenga programu hiyo kwa miaka mingi wakaonyeshwa mlango.

Hapo leseni ikawa ngao yao. Oracle ilimiliki jina, seva na hakimiliki, lakini haikuweza kuufungia tena msimbo uliokwisha kutolewa. Januari 2011 LibreOffice 3.3 ilikuwa tayari. Mwezi uliofuata waliomba michango ya yuro 50,000, mtaji wa kusajili wakfu nchini Ujerumani, na fedha zikatimia ndani ya siku nane. Aprili, Oracle ikatangaza kuacha kuifanyia biashara OpenOffice. Juni ikaikabidhi kwa Apache Software Foundation. Wengi wa mafundi wake walikuwa wameshahama. Toleo la 4.1 la OpenOffice lilitoka mwaka 2014, na tangu hapo imekuwa ikipata marekebisho madogo madogo tu.

Ieleweke kwamba LibreOffice nayo haiishi kwa kujitolea pekee. Kampuni kama Collabora zimewalipa wahandisi wake wengi. Tofauti imo kwenye katiba. Wakfu huo, uliosajiliwa Berlin mwaka 2012, hauruhusu watu wa kampuni moja kuzidi theluthi ya viti vya bodi. Hata hivyo mvutano haujaisha: mwaka 2020 kampuni zililalamika kwamba zinabeba gharama huku taasisi kubwa zikitumia programu bure bila kuchangia chochote. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kukifuatilia kisa hiki. Kampuni inayopima lugha kwa ukubwa wa soko inaweza kuitupa yetu siku yoyote mahesabu yakibadilika. Leo Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice kwa sababu msimbo ulibaki wazi na watu wakaendelea kuufanyia kazi. Basi chuo, wizara au shule inayochagua programu huria isiishie kufurahia kwamba haina bei. Iulize nani anamiliki jina, nani anakaa kwenye bodi na nani anawalipa mafundi. Ikiridhika na majibu, itenge fungu lake na wataalamu wake wachangie kazi, kwani asiyechangia hana sauti siku kampuni inapobadili nia.