Bangi na sheria zetu: katazo lilitoka wapi? (UZI)

1/ Kila msimu wa kampeni, mjadala wa bangi lazima urudi. Huyu anasema tuihalalishe tulipe madeni, yule anasema ni uovu wa kigeni unaomaliza vijana. Wote wanaruka historia. Tuipitie pole pole.

2/ Kweli mmea ni mgeni, lakini mgeni wa zamani sana. Ulitoka Asia ukafika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Hata neno "bangi" lina asili ya Kihindi.

3/ Katazo ndilo geni zaidi. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku 1914, kupitia sheria iliyolenga hasa kasumba. Nani aliulizwa? Mwafrika wa kwanza aliingia Baraza la Kutunga Sheria 1944. Miaka 30 baadaye!

4/ Sasa shikilia hapa. Waingereza hao hao walikuwa wameunda tume India mwaka 1893. Ikasikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, ikasema matumizi ya kadiri hayana madhara makubwa na marufuku kamili haifai. Kule wakaendelea kukusanya ushuru. Huku kwetu, jela.

5/ 1925, mkutano wa Geneva uliingiza bangi kwenye mkataba wa kimataifa wa kasumba. 1961 ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Kenya huru ikajiunga 1964. Bendera ilibadilika, katazo likabaki.

6/ Sheria ya 1994 ikakaza zaidi: bangi ya kujivutia tu, hadi miaka 10 ndani. 2022 Bunge likapunguza: hadi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000.

7/ Wengine wanasema hiyo ni huruma. Kwa nani? Kijana wa mtaani kwetu alishikwa na msokoto mmoja. Mamake alizunguka kwa majirani akichanga pesa wiki nzima. Mtoto wa tajiri angelala kwao siku hiyo hiyo.

8/ Sisemi bangi haina madhara, hasa kwa akili changa. Pia sisemi ihalalishwe kesho. Nasema hivi: mwanasiasa akikuambia katazo hili ni "mila zetu", muulize ni mila ya mwaka gani.

9/ Na wewe je? Kama sheria hii tungeiandika leo, sisi wenyewe, yule kijana ungempa adhabu gani? Jibu hapa chini, bila matusi.