Utambuzi wa videnenda kwa sauti

Utambuzi wa videnenda kwa sauti ni njia ya kutofautisha spishi za ndege wadogo wa jenasi Cisticola kwa kulinganisha nyimbo zao zilizorekodiwa. Jenasi hii ina spishi zipatazo 50, karibu zote za Afrika. Nyingi zina rangi ya kahawia na michirizi, kwa hiyo ni vigumu kuzitenganisha kwa macho. Mwingereza Hubert Lynes alichapisha uchambuzi mkubwa wa jenasi hii mwaka 1930.

Mifano

Katika Mkoa wa Singida, kama katika sehemu nyingine za Tanzania ya kati, Cisticola chiniana huimba juu ya vichaka: noti chache kali, kisha mlio wa kutatarika. C. juncidis na C. aridulus hukaa nyasini na hufanana sana. Dume la C. juncidis huruka kwa kupanda na kushuka, akitoa mlio mmoja mfupi kila mara. Lile la C. aridulus hutoa milio myembamba mfululizo na hutatarisha mabawa.

Njia

Wimbo hunaswa kwa maikrofoni pamoja na tarehe na mahali. Kompyuta huugeuza kuwa spektrogramu, yaani mchoro unaoonyesha muda kwa mlalo na masafa kwa wima. Hapo hupimwa urefu wa wimbo, idadi ya noti na masafa ya juu na ya chini. Pia rekodi huweza kupigwa karibu na dume: akija kwa hasira, ameutambua wimbo kama wa mpinzani wa spishi yake.

Mipaka na umuhimu

Ndege wengi waimbao hujifunza nyimbo kwa wakubwa wao, hivyo spishi moja huweza kuwa na lahaja. Kwa sababu hiyo sauti hulinganishwa na maumbile na DNA. Videnenda wawili wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, walijulikana kwa watazamaji wa ndege miaka mingi kabla ya kupewa majina ya kisayansi mwaka 2021: C. bakerorum na C. anderseni. Vinamasi wanamoishi vinapungua kwa sababu ya kilimo na malisho, na spishi isiyo na jina ni rahisi kusahauliwa katika mipango ya hifadhi.