Sarafu za shaba za Roma: Mwanamke aliyeshika tama chini ya mtende

KATIKA Dola ya Roma, dhahabu na fedha zilikuwa za wenye nacho. Mwananchi wa kawaida alinunua mkate na divai kwa sarafu za shaba, na ndizo zilizomfikishia sokoni sura ya mtawala wake.

Kubwa miongoni mwazo ilikuwa sesterti, yenye uzito wa takriban gramu 25. Haikuwa shaba tupu. Tangu enzi za Kaisari Augustus ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, ikang'aa kwa rangi ya manjano. Sesterti nne zilitosha dinari moja ya fedha.

Kipande cha madini kiliwekwa kati ya mihuri miwili, kisha kikapigwa nyundo. Upande mmoja kilitokea kichwa cha Kaisari. Upande wa pili, pamoja na herufi S na C zilizomaanisha "kwa azimio la Seneti", ilitokea habari aliyotaka ienee. Nero, kwa mfano, alionyesha bandari ya Ostia na meli zake.

Picha yenye uchungu zaidi ni ya Vespasian. Mwaka 70 majeshi ya Roma, yakiongozwa na mwanawe Titus, yaliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Mwaka uliofuata ikatoka sesterti yenye mtende, alama ya Yudea, na chini yake mwanamke ameketi, ameshika tama. Kwenye baadhi ya sarafu hizo amesimama kando yake mateka aliyefungwa mikono kwa nyuma. Kwenye nyingine, Kaisari mwenyewe na mkuki wake. Maandishi yasema: Yudea imetekwa. Asiyejua kusoma naye alielewa.

Mwaka 132 Wayahudi waliasi tena, wakiongozwa na Simon bar Kokhba. Walichukua sarafu zilizokuwa tayari mikononi mwa watu, wakaifuta sura ya Kaisari na kugonga chapa yao juu yake. Kwenye sarafu nyingi za shaba waliweka mtende uleule, lakini safari hii una vichala vya tende na hakuna aliaye chini yake.

Uasi huo ulizimwa mwaka 135. Sarafu zake zingalipo katika majumba ya makumbusho, na kwenye baadhi yake, ukitazama kwa makini, herufi za Kirumi bado zinachungulia chini ya zile za Kiebrania.