Malaria hamna, taifodi umetibiwa, uchovu uko palepale: ukirudi hospitali uulize nini?

Unapanda kitandani saa nne usiku, unaamka saa kumi na mbili asubuhi, na bado unauburuta mwili kama hukulala kabisa. Wiki ya kwanza unasema ni jua. Wiki ya tatu unaenda maabara ya mtaani, unapima malaria na taifodi. Malaria hamna, taifodi "ipo kidogo". Unapewa dawa, unamaliza dozi. Miezi miwili baadaye uko vilevile, ila mfuko umepungua.

Wengi wetu tunazunguka hapohapo mwaka mzima: vipimo vilevile, dawa zilezile, mwisho dripu ya vitamini. Shida ni kwamba uchovu wa miezi una sababu nyingi, na kadiri unavyorudia vipimo hivyo viwili ndivyo sababu nyingine zinavyokaa bila kuguswa.

"Taifodi ipo kidogo" maana yake nini?

Kipimo kinachotumika sana kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona au kuchanjwa, na maambukizi mengine pia yanaweza kukichanganya kipimo. Taifodi ni ugonjwa wa homa. Kama huna homa na umechoka tangu Januari, majibu ya Widal peke yake hayatoshi kukueleza. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara.

Kipimo cha haraka cha malaria nacho kina tabia yake: kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Ukitibiwa, ukapima tena baada ya wiki mbili na kuambiwa "bado unayo", omba damu iangaliwe kwa hadubini.

Anza na damu

Kipimo cha kwanza cha maana ni cha picha nzima ya damu, kile kinachoandikwa FBP kwenye fomu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito mwenye himoglobini chini ya 12, au mwanaume aliye chini ya 13, ana upungufu wa damu.

Ila usiishie kwenye "damu yako ndogo, kunywa vidonge vya madini ya chuma". Uliza: damu inaenda wapi?

Kwa wanawake, jibu mara nyingi ni hedhi. Hedhi inayozidi siku saba, yenye mabonge makubwa, au inayokulazimu kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili si ya kuvumilia tu kwa sababu mama na dada nao wako hivyo. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, na inatibika. Halafu kuna minyoo ya safura, inayoingia kupitia ngozi ya miguu peku na kunyonya damu kwenye utumbo. Kuna kichocho, hasa kama umekulia kando ya ziwa au mashamba ya mpunga. Mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa madini ya chuma, tumbo lake lichunguzwe: vidonda, au saratani inayovuja taratibu. Na kama unakula dawa za maumivu kama diklofenaki kila wiki, sema, maana zinatoboa tumbo kimyakimya.

Jambo moja linalowapita wengi: akiba ya chuma inaweza kuisha wakati himoglobini bado inasoma vizuri. Inapimwa kwa kipimo cha feritini. Tena, ukinywa vidonge vya chuma usivisindikize na chai. Chai inazuia chuma kufyonzwa. Juisi ya rozela na bitiruti ni tamu, sawa, lakini haizibi pale damu inapovujia.

Kwenye damu hiyohiyo omba pia sukari (7.0 na kuendelea ukiwa hujala ni dalili ya kisukari), figo, ini, VVU, na TSH inayoonyesha kazi ya tezi ya shingo. Tezi ikizubaa unachoka, unanenepa, unahisi baridi wakati wenzako wanajipepea. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kupungua uzito: pima kifua kikuu.

Muulize unayelala naye

Kukoroma kwetu ni utani. Lakini kuna watu ambao wakilala koo linajifunga, pumzi inakata kwa sekunde kumi au zaidi, oksijeni inashuka, na ubongo unawaamsha kwa sekunde chache ili wavute hewa. Inaweza kujirudia mara nyingi ndani ya saa moja bila mwenyewe kukumbuka. Amelala masaa manane, lakini usingizi wote ulikuwa vipandevipande.

Dalili: kukoroma kwa nguvu kunakokatika ghafla kisha kumalizika kwa kukorota kama anayezama, kuamka na kichwa kinauma na mdomo mkavu, kukojoa mara kwa mara usiku, presha isiyosikia dawa, kusinzia kwenye daladala au, mbaya zaidi, kwenye usukani. Wanene wako hatarini zaidi, ila hata wembamba wanapata. Ukilala peke yako, weka simu irekodi sauti usiku mmoja, umpelekee daktari akasikilize. Kipimo chake hakipo kila hospitali, kwa hiyo utahitaji rufaa. Tiba ipo, ikiwemo mashine inayosukuma hewa ili koo libaki wazi. Pombe na vidonge vya usingizi vinaweza kulilegeza koo zaidi.

Kukosa usingizi ni habari nyingine. Ukihangaika angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, hilo ni tatizo sugu, na tiba inayopendekezwa kwanza ni ya mazungumzo na tabia, kabla ya vidonge. Msingi wake: amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usingizi ukigoma toka kitandani mpaka urudi. Kahawa au chai nzito ya saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa tatu usiku. Na piriton si dawa ya kulala. Uzito ule wa asubuhi unaweza kuwa umetoka humo.

Anayeshtuka saa tisa usiku kila siku akashindwa kulala tena, na vitu alivyovipenda havimsisimui, aulizwe kuhusu sonona. Kwetu sonona mara nyingi hujileta kama mwili kuchoka, haiji na jina lake.

Vipimo vyote viko safi. Ndiyo basi?

Hapana. Kuna ugonjwa wa uchovu sugu, ME/CFS. Kwa vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015, uchovu unadumu zaidi ya miezi sita, usingizi haumpumzishi mtu, kuna ukungu kichwani au kizunguzungu akisimama, na alama kuu ni hii: akijitutumua kidogo, anaanguka kesho yake au keshokutwa, kwa siku kadhaa. Wapo walioanza hivyo baada ya Uviko-19. Hakuna kipimo chake wala dawa ya kuuponya. Mwaka 2021 Uingereza iliondoa ushauri wa kuwaongezea wagonjwa hawa mazoezi hatua kwa hatua. Sasa msisitizo ni kupanga nguvu, kusimama kabla hujaisha. Kumwambia mtu huyu "wewe mvivu, kimbia asubuhi" kunaweza kumlaza wiki nzima.

Ukiingia kwa daktari

"Nachoka sana" haimsaidii. Mwambie: "Mwaka jana nilikuwa napanda ghorofa ya nne, sasa napumzika ya pili, tangu mwezi wa tatu." Andika kwa wiki mbili muda wa kulala, kuamka, chai, dawa zote na hedhi. Beba majibu ya zamani, kisha uliza: "Tumeshaondoa nini, na nini hatujaangalia?"

Kifua kikiuma, pumzi ikikata ukiwa umekaa, ukizimia, choo kikiwa cheusi kama lami, au mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri wiki mbili za daftari. Nenda leo.