Gari Lako Limeitwa

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Maandishi hayo hubandikwa nyuma ya kaunta za maduka yetu, na mara nyingi mteja huyaona akiwa ameshalipa. Sasa ipo desturi ya biashara inayokwenda kinyume kabisa na kibao hicho. Mtengenezaji, baada ya kuuza na faida kuila, anajitokeza kutangaza kwamba alichouza kina kasoro inayoweza kuua au kujeruhi. Aliyenacho akilete kitengenezwe, kibadilishwe, au arudishiwe fedha zake. Waingereza huiita recall. Wajapani wamelichukua neno hilohilo, wakalitamka rikoru na kuendelea na kazi. Sisi bado tunababaisha.

Katika habari zetu utakutana na "kuondoa sokoni" na "kurejesha", na mara mojamoja "kuita". La kwanza ndilo linalopendwa zaidi, na lina mahali pake. Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya liliposimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, kuondoa sokoni kulieleweka: pakiti zilikuwa rafuni, zikashushwa. Lakini gari lililouzwa Nagoya miaka 12 iliyopita, likatumika, likapigwa mnada, likapanda meli hadi Mombasa, leo limeegeshwa chini ya mwembe Kilifi. Hilo utaliondoa soko gani?

"Kurejesha" nako kuna kasoro zake. Mteja aliyebanwa na kiatu anarejesha. Mama wa kikundi cha mikopo cha VICOBA ukimtajia marejesho, atauliza kama ni ya wiki hii. Tena, mara nyingi hakuna kinachorejea kokote: gari huingia gereji likabadilishiwa kifaa kimoja na kutoka jioni, kitanda cha mtoto mwenye nacho huambiwa akivunje na kukitupa.

Linabaki "kuita". Balozi huitwa nyumbani serikali yake inapokuwa na jambo, na anayeita ni yule aliyemtuma. Ndivyo ilivyo hapa: anayeita ni aliyekitengeneza kitu na kukituma duniani. Basi istilahi iwe wito wa usalama. Najua neno wito limechoshwa na majukwaa, kila kiongozi "anatoa wito kwa wananchi", lakini hilo "wa usalama" linalitenga na hotuba. Faida yake kubwa ni kwamba wito una mwenzake: huitikiwa. Gari lililotengenezwa, wito wake umeitikiwa. Ambalo halijaguswa lina wito usioitikiwa. Jaribu kuipata tofauti hiyo kwa "kuondoa sokoni" uone. Na kwa mnunuzi wa mtumba, tofauti hiyo ndiyo yenye maana.

Chukua mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitumia nitrati ya amonia kama baruti ya kuujaza mfuko gari linapogonga. Kemikali hiyo, ikikaa miaka mingi penye joto na unyevu, huharibika. Siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma lililoihifadhi likapasuka, na vipande vikamrukia dereva shingoni na usoni. Ajali ambayo mtu angetoka na michubuko tu ikawa msiba. Nchini Marekani peke yake makopo yapatayo milioni 67 yaliitwa, wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari huko, na majimbo yenye joto na unyevu yakapewa kipaumbele. Takata ilifilisika Juni 2017. Msomaji wa Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa joto na unyevu ni nini.

Mei 2015 Toyota iliita takriban magari milioni 5 duniani kwa kasoro hiyo, Corolla na Vitz zikiwamo. Vitz! Kuanzia Mei 2018 Japani ikaenda mbali zaidi: gari lenye wito wa Takata usioitikiwa, kwa aina zilizotajwa, likanyimwa cheti cha ukaguzi wa lazima. Lililobaki Japani likabanwa hadi likatengenezwa. Lililokwisha kusafirishwa halikuwa na wa kulibana, na barua ya wito humfuata mmiliki aliyeandikishwa, si gari.

Fungua boneti ya Vitz ya mtumba utafute kibati cha chuma. Utasoma kitu kama SCP90, kistari, kisha tarakimu 7. Hiyo ndiyo namba ya chasisi ya gari lililotengenezewa soko la Japani. Ukiiingiza katika ukurasa wa Marekani wa kuhakiki wito, itakataliwa, maana huko wanataka herufi na tarakimu 17. Itakubalika kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji, ukiweza kuusoma, au kwa wakala wake aliye karibu nawe. Na gari likishavunjwa, usukani wake wenye mfuko huweza kuuzwa kama spea na kufungwa kwenye gari jingine, wito ukahamia humo kimyakimya.

Hata wenye sheria kali wana matundu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inakataza kuuza bidhaa ya nyumbani iliyoitwa, hata ikiwa imetumika. Lakini kwa magari, sheria ya shirikisho humzuia muuzaji kuuza jipya lenye wito usioitikiwa, na lililotumika humwachia. Na hata penye katazo, wito usioitikiwa una gharama; tuliiona kwenye vitu vya watoto. Kitanda cha Fisher-Price kiitwacho Rock 'n Play, takriban milioni 4.7 vilivyouzwa, kiliitwa Aprili 2019. Januari 2023 ikabidi kiitwe tena. Kati ya vifo vya watoto 100 hivi vilivyokuwa vimeripotiwa, angalau 8 vilitokea baada ya wito wa kwanza. Kitu cha mtoto hakikai nyumba moja: mtoto akikua kinapewa jirani, kinauzwa, kinatiwa kwenye maboksi.

Matangazo yetu ya magari yana mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, kilomita, na siku hizi hata rangi ya viti. Enyi madalali, ongezeni mstari mmoja baada ya kilomita: wito wa usalama, umeitikiwa au bado. Nawe mnunuzi, usipouona, uulize kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.