Bumba la Nyuki na Moshi wa Kiberiti

Mtu aliyewahi kuona nyuki wakitoka mzingani kwenda kuanza maisha mapya hasahau. Asubuhi yenye jua, mzinga uliokuwa kimya hutoa nyuki kama chemchemi itoayo maji. Hewa hujaa mvumo, na baada ya muda mfupi kundi zima hukusanyika juu ya tawi, likaning'inia kama mfuko mweusi. Hilo ndilo bumba la nyuki. Malkia mzee yumo ndani yake, amefuatana na zaidi ya nusu ya raia zake. Masega na asali iliyosalia wamemwachia binti ambaye bado hajatoka katika chumba chake cha nta.

Nyuki walifanya hivyo kabla mwanadamu hajajua kufuga, na mpaka leo wafanya vile vile. Aliyebadilika ni mfugaji. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, mfugaji alilitazamia bumba kama mkulima atazamiavyo mvua. Mjukuu wake leo hulikimbilia kulizuia. Mageuzi hayo yana historia, nayo haianzi katika majira ya machipuko, nyuki wanapotoka, bali katika miezi ya mwisho wa mwaka, walipokuwa wakiuawa.

Mzinga wa mkulima wa Uingereza wa zamani ulikuwa kapu la majani makavu yaliyosukwa, limefudikizwa juu ya ubao. Nyuki walijenga masega wakayagandisha kwenye dari ya kapu, na hapakuwa na njia ya kuyatoa ila kuyakata. Majira ya joto yalipokwisha, mkulima aliinua kila kapu akalipima uzito kwa mikono yake. Makapu mazito yalikuwa na asali nyingi. Hayo aliyahukumu kufa. Makapu mepesi hayakuwa na chakula cha kuvuka baridi. Hayo nayo aliyahukumu kufa. Ya uzito wa kadiri ndiyo yaliyoachwa yawe mbegu ya mwaka ujao. Jioni alichimba shimo, akatia kitambaa kilichochovywa katika kiberiti, akakiwasha, na kulifunika kapu juu yake. (Nasema kiberiti kwa maana ya madini yale ya manjano yenye harufu ya kukaba koo, wala si njiti zilizorithi jina lake.) Kwa muda mfupi nyuki wote walikuwa wamekufa chini ya shimo.

Mwanafunzi na aitazame hesabu hiyo vizuri. Kundi lililofanya kazi kupita mengine ndilo lililouawa kwanza. Na kwa kuwa makundi mengi yaliuawa kila mwaka, mkulima hakuwa na namna ya kuyarudisha ila kwa mabumba ya majira ya machipuko. Kwa hiyo mtoto aliwekwa bustanini kulinda mizinga, na bumba lilipotoka watu walilifuata mbio wakigonga sufuria na makarai. Wengine waliamini kwamba kelele huwatuliza nyuki watue. Na pia ilikuwa njia ya kutangaza kwa majirani kwamba bumba lile lina mwenyewe.

Desturi hiyo ilidumu kwa sababu ya kutojua. Aristotle na wengi waliomfuata walidhani mkuu wa nyuki ni mfalme. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler aliandika kitabu akasema wazi kwamba ni mwanamke. Mwaka 1770 Anton Janscha, kijana wa nchi iitwayo leo Slovenia, ambaye alikuwa amekwenda Vienna kujifunza uchoraji, aliteuliwa na malkia Maria Theresa kufundisha ufugaji wa nyuki. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake juu ya mabumba. Alifariki mwaka 1773, hajatimiza miaka arobaini. Tarehe ya kubatizwa kwake, 20 Mei, ndiyo iliyochaguliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017 kuwa Siku ya Nyuki Duniani.

Lakini katika habari hizi zote, anayenishangaza zaidi ni kipofu. François Huber alizaliwa Geneva mwaka 1750, na macho yake yalianza kufifia akiwa mvulana. Alimtumia mtumishi wake, François Burnens, kuwa macho yake: bwana aliuliza maswali, mtumishi alitazama akajibu. Waliunda mzinga wenye fremu zilizofunguka kama kurasa za kitabu, hata sega lolote likaweza kutazamwa. Ilipotakikana kujua kama kuna watenda kazi wanaotaga mayai, Burnens alimkamata na kumchunguza kila nyuki wa mizinga miwili, mmoja mmoja, kwa muda wa siku kumi na moja. Kitabu chao kilitoka mwaka 1792, na jina lililoandikwa juu yake ni la Huber. Ni haki, maana maswali yalikuwa yake. Ila nawaomba wanafunzi wangu kila mwaka walikumbuke na la Burnens.

Elimu hiyo ilichelewa kufika kwa mkulima wa kawaida. Mwaka 1838 kasisi William Charles Cotton, wa Oxford, alianza kuwaandikia watu wa vijijini akiwasihi wasiue nyuki hata mmoja. Badala ya kiberiti alishauri moshi wa namna ya uyoga mkavu, ambao huwalevya nyuki pasipo kuwaua. Nyuki walevi walikung'utwa, malkia wao akatafutwa na kuondolewa, kisha wakatiwa katika kapu jingine wakaamka humo wakiwa raia wa malkia mwingine. Maana yake ni kwamba makundi mawili yaliunganishwa kuwa moja. Asali ilipatikana, na wale waliokuwa wafe wakaongeza nguvu ya wenzao wakati wa baridi. Kundi kubwa huhifadhi joto vizuri kuliko dogo, kwa kuwa nyuki hujikusanya pamoja na kutetemesha misuli yao ili wasigande.

Kisha akaja Lorenzo Langstroth wa Marekani, aliyekuwa kasisi na mwalimu pia. Mwaka 1851 alitambua jambo dogo lililowapita wengi: nafasi ya milimita kama sita hadi tisa nyuki huiacha wazi iwe njia yao. Ikiwa finyu zaidi huiziba kwa gundi. Ikiwa pana zaidi hujenga sega ndani yake. Alitengeneza sanduku lenye fremu zilizotenganishwa na nafasi hiyo pande zote, na tangu hapo sega likaweza kuinuliwa na kurudishwa pasipo kukatwa. Alipata hataza tarehe 5 Oktoba 1852, lakini watu waliiga mzinga wake bila kumlipa, na kesi hazikumfaa kitu.

Fremu zile ziliigeuza thamani ya bumba. Mfugaji sasa alitwaa asali na nyuki wakabaki hai. Hakuhitaji mbegu mpya kila mwaka. Bumba likitoka, lilichukua zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wakati ule ule maua yalipoanza kufunguka. Kilichokuwa mapato kikawa hasara.

Ndipo zikatafutwa mbinu. Mwaka 1892 George Demaree, mwanasheria wa Kentucky, alieleza yake. Malkia huachwa katika sanduku la chini pamoja na masega matupu, apate mahali pa kutaga. Masega yenye mabuu huinuliwa sanduku la juu, na katikati huwekwa wavu ambao watenda kazi hupenya lakini malkia hapenyi. Msongamano hupungua, na hamu ya kuhama hupoa. Baada ya siku chache sharti mfugaji achungulie juu, kwa kuwa nyuki wa huko, wakimkosa malkia, huweza kuanza kujilelea mwingine.

Kuunganisha makundi nako kulirahisishwa mno. Kila kundi lina harufu yake, na mgeni huuawa mlangoni. Basi mmoja wa malkia huondolewa, na jioni sanduku moja huwekwa juu ya lingine, katikati pakitandazwa ukurasa mmoja wa gazeti. Nyuki huutafuna karatasi huo kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, na hata watakapokutana, harufu zimekwisha changanyika.

Hata hivyo, fremu za Langstroth si mwanzo wa jambo. George Wheler, Mwingereza aliyesafiri Ugiriki, alieleza mwaka 1682 makapu ya nyuki aliyoyaona katika mlima Hymettus karibu na Athens. Yalikuwa mapana juu na membamba chini, yamekandikwa udongo, na mdomo wake umefunikwa kwa vijiti bapa vilivyopangwa bega kwa bega. Kila kijiti kilibeba sega lake. Majira ya machipuko wenyeji waligawanya masega pamoja na nyuki katika makapu mawili, wasingoje bumba litoke lenyewe. Wala hawakuwaua nyuki wao.

Mtu wa Kenya akisoma maelezo hayo huona kitu anachokijua. Mzinga uliotengenezwa nchini mwetu katika miaka ya 1970, wenye pande zilizoinama na viunzi vilivyopangwa juu, umefuata kanuni ile ile ya Wagiriki. Viunzi vyake tu vina upana wa milimita 32, maana nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya. Lakini nyuki wetu hawangoji machipuko. Hutoa mabumba mvua zinapoleta maua, na ukame au bughudha ikizidi, kundi zima hugura na kuacha masega matupu. Kwa hiyo katika Ukambani mrina asali angali analisubiri bumba. Huchonga gogo, akalipaka nta ndani, akalitundika juu ya mti, na kuondoka. Juma baada ya juma hupita chini yake, akisimama kidogo kusikiliza kama kuna mvumo.